Jinsi ya kujua umbali na masaa ya ndege kati ya miji miwili ya mbali bila kuchanganywa na saa ya tiketi

Uliza watu "London mpaka Sydney ni masaa mangapi kwa ndege" halafu kaa pembeni uone majibu. Mmoja atakwambia 20, wa pili 23, wa tatu atasema siku mbili maana yeye aliondoka tarehe 10 akafika tarehe 12, wa nne atasema 28, na ukiwachunguza vizuri hakuna hata mmoja aliyekosea. Kila mtu anajibu swali lake. Yule wa 20 anaongelea ndege ikiruka bila kutua popote, wa 23 kaweka na tranziti, wa siku mbili kasoma tarehe zilizoandikwa kwenye tiketi, na wa 28 kaanza kuhesabu toka alipofunga mlango wa nyumba yake mpaka alipotupa begi kitandani kule alikoenda.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuhesabu chochote jiulize unataka namba ipi. Mimi nitakuonyesha zote, na nitang'ang'ania London na Sydney karibu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu ni miji iliyo mbali kwelikweli na ina kila mtego unaoweza kukutana nao, wewe utabadilisha majina tu. Halafu kitu kimoja cha lugha tuwekane sawa, nikisema "masaa" naongelea urefu wa muda, na nikiandika kitu kama 20:30 hiyo ni saa ya tiketi, yaani ya masaa 24, ambayo kwetu sisi ni saa mbili na nusu usiku. Tiketi haijui saa mbili usiku ya Kiswahili, na kuna watu wameachwa na ndege kwa sababu hiyo hiyo.

Umbali kwanza, na usiamini ramani ya ukutani

Ramani bapa inadanganya. Ile tuliyoizoea wengi ni ya mtindo wa Mercator, jamaa aliichora 1569 kwa ajili ya mabaharia, na uzuri wake ni kwamba pembe zinakaa sawa kwa hiyo nahodha anashika mwelekeo mmoja wa dira anakwenda nao. Ubaya wake ni kwamba kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini vitu vinavimba. Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa karibu mara 14. Sasa wewe ukichukua rula ukaweka kwenye ramani hiyo ukapima mji mpaka mji utapata namba ya ajabu na njia ambayo hakuna rubani anaipita.

Mfano mzuri ni Beijing na New York. Zote ziko karibu nyuzi 40 kaskazini, kwenye ramani ni mstari mnyoofu wa kulala, unasema aah ndege inafuata huo huo. Ukifuata huo mstari ni kilomita kama 14,400. Njia fupi ya kweli ni kama kilomita 11,000 na inapanda juu kabisa, inapita kilomita kama 700 tu kutoka Ncha ya Kaskazini. Hizo ni kilomita 3,400 umeokoa kwa kukata kona juu ya dunia. Njia hiyo inaitwa duara kuu, maana yake ni ukiikata dunia katikati kabisa kwa kisu kinachopita miji yote miwili, ule mkato wa juu ndio njia fupi kuliko zote. Ndio maana kwenye skrini ya ndege unaona mstari umepinda kama upinde na mtu wa pembeni yako anauliza mbona tunazunguka, hatuzunguki, ramani ndiyo imepindishwa.

Njia ya kienyeji ya kupima, na mimi naipenda kuliko zote, ni tufe la dunia na uzi. Shika uzi kwenye mji wa kwanza, uvute ukaze mpaka mji wa pili, utajipanga wenyewe kwenye njia fupi. Halafu pima huo uzi kwenye ikweta ya tufe hilo hilo, mzunguko mzima ni kilomita 40,075, kwa hiyo uzi ukifika robo ni kama 10,000. Hapo hapo unapata na kitu kingine cha maana, kwamba hakuna miji miwili duniani iliyo mbali zaidi ya kilomita kama 20,000, kwa sababu ukishapita nusu ya mzunguko unaanza kurudi kwa upande wa pili. Mtu akikwambia mji fulani uko kilomita 25,000 kwa njia fupi jua kakosea au kajumlisha vituo vya njiani.

Asiye na tufe afungue Google Maps kwenye kompyuta, abonyeze kitufe cha kulia cha mausi juu ya mji, achague kupima umbali, halafu abonyeze mji wa pili. Inakupa duara kuu moja kwa moja. Na anayependa kufanya mwenyewe afungue Excel, aweke latitudo ya mji wa kwanza kwenye A1, longitudo yake B1, mji wa pili A2 na B2, halafu abandike hii:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A1))*SIN(RADIANS(A2))+COS(RADIANS(A1))*COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(B2-B1)))

Ile 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita, ya wastani. Kusini ya ikweta weka alama ya kutoa, magharibi ya Greenwich pia weka ya kutoa, hapo ndipo wengi wanakosea halafu wanasema fomula mbovu. London ni 51.5 na -0.1, Sydney ni -33.9 na 151.2. Inatoka kama 16,990, basi sema 17,000. Dunia sio mpira wa duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hiyo kosa linaweza kufika nusu ya asilimia moja hivi, na kwa safari ya ndege hilo ni kosa la kupuuza kabisa maana rubani mwenyewe atapinda zaidi ya hapo.

Angalia na vipimo. Kuna kilomita, kuna maili ya kawaida ambayo ni kilomita 1.609, halafu kuna maili ya baharini ambayo ni kilomita 1.852 kamili na hiyo ndiyo marubani wanatumia. London na Sydney ni kilomita 17,000, ni maili kama 10,560, na ni maili za baharini kama 9,180. Zote zinaandikwa "maili" na mtu anakuja anabishana nawe saa nzima kumbe mnasoma vipimo tofauti.

Na tafadhali pima uwanja kwa uwanja, sio mji kwa mji, hasa kama mji una viwanja vingi. Kila uwanja una msimbo wake wa herufi tatu. London peke yake kuna Heathrow LHR, Gatwick LGW, Stansted STN, Luton LTN, City LCY na Southend SEN. Kwenye umbali wa kilomita 17,000 haibadilishi kitu, ila kwenye muda wako wa barabarani inabadilisha sana, Narita kwa mfano iko kilomita kama 60 kutoka katikati ya Tokyo wakati Haneda iko jirani tu.

Kugeuza kilomita kuwa masaa

Kanuni yangu ni fupi, gawanya kilomita kwa 850 halafu ongeza nusu saa. Basi.

Mtu atauliza mbona 850 wakati ndege kubwa kama Boeing 787 au Airbus A350 zikiwa juu zinakimbia karibu 900 kwa saa. Ni kwa sababu ya vitu vidogo vidogo, haipiti kwenye duara kuu kwa usahihi, inakwepa mawingu ya radi, inafuata njia za anga alizopewa rubani, na mwishoni inazungushwa kidogo ikisubiri zamu ya kutua. Ile nusu saa ni ya kutembea chini kutoka getini mpaka kwenye ranwei, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kutembea tena mpaka geti la pili. Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa geti mpaka geti, sio wa magurudumu kuacha ardhi mpaka kugusa.

Tuipime. Singapore mpaka New York JFK, kilomita kama 15,350. Gawanya kwa 850 unapata 18.06, ongeza nusu, 18.5 na kitu. Ratiba ya safari hiyo ni zaidi kidogo ya masaa 18 na nusu, imelala pale pale. Perth mpaka London ni kilomita kama 14,500, kanuni inatoa 17 na nusu, na hiyo safari ambayo Qantas, shirika la ndege la Australia, waliianza Machi 2018 inachukua kama masaa 17. London mpaka Sydney bila kutua, 17,000 gawanya kwa 850 ni 20, ongeza nusu ni 20 na nusu. Sasa huko nyuma, Agosti 1989, Qantas waliirusha Boeing 747 mpya kutoka London mpaka Sydney bila kutua na bila abiria wa kulipa, ikatumia masaa 20 na dakika 9. Novemba 2019 wakarudia tena kwa majaribio na 787, masaa 19 na dakika 19. Kwa hesabu ya kwenye kipande cha karatasi sio mbaya hata kidogo.

Kwa safari fupi za chini ya kilomita 1,000 kanuni hii achana nayo, ndege inatumia sehemu kubwa ya muda kupanda na kushuka na haifiki hiyo spidi kwa muda wa maana. Na kwa ndege ndogo kama Boeing 737 na Airbus A320 weka 780 badala ya 850.

Upepo ndio unaokula masaa

Hapa ndipo kwenda na kurudi kunapotofautiana. Huko juu, kilomita 9 mpaka 12 hivi, kuna mito ya upepo inaitwa jetistrimu, inatoka magharibi kwenda mashariki, kaskazini ya dunia na kusini pia. Wakati wa baridi inakuwa na nguvu zaidi, na siku ikikasirika inaweza kuzidi kilomita 400 kwa saa. Ndege inayokwenda mashariki inasukumwa, inayokwenda magharibi inapambana nayo au inapinda kuikwepa.

Chukua New York na London, kilomita 5,540. Ndege spidi yake 900 kwenye hewa, upepo tuseme 150. Kwenda London inakuwa 1,050 kwa saa, inatumia masaa 5.3 ya hewani. Kurudi inakuwa 750, masaa 7.4. Jumla 12.7. Kama kusingekuwa na upepo kabisa kwenda na kurudi ingekuwa 12.3. Umeona hapo? Upepo haujifuti wenyewe, ukikusaidia wakati wa kwenda unakudai zaidi wakati wa kurudi, kwa sababu unapopambana nao unakaa ndani yake muda mrefu zaidi. Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ikiwa inavuma, 747 moja ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, ikipimwa kwa ardhi ilifika zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, na wala haikuvunja kizuizi cha sauti kwa maana hewa yenyewe ilikuwa inaibeba, ni kama mtu anayetembea juu ya ngazi za umeme. Concorde, ile ndege ya abiria ya kasi kuliko sauti, ndiyo iliyopita kweli, Februari 1996 njia hiyo hiyo masaa 2 na dakika 53, ila hiyo ilistaafu 2003 usiipangie safari.

Kwa hiyo kwenye kanuni yangu, ukienda mashariki kwenye safari ndefu za maeneo yaliyo kati ya ikweta na ncha punguza kama nusu saa mpaka saa moja, ukienda magharibi ongeza kama hivyo. Safari za kaskazini kwenda kusini, kama Frankfurt mpaka Cape Town kilomita 9,400 hivi, upepo hauna shida sana, unaukata kwa ubavu tu, kwenda na kurudi ni karibu sawa.

Na kabla mtu hajaleta ile habari ya dunia kuzunguka, kwamba ndege ikienda magharibi mji unaifuata wenyewe kwa hiyo inafika haraka, hapana. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Ingekuwa hivyo helikopta ingepanda juu tu ikasubiri. Tena ukiangalia hali halisi ni kinyume, magharibi ndiko kunakochelewesha.

Njia iliyofungwa

Duara kuu halijui siasa. Anga ni la nchi, na nchi ikisema usipite hupiti. Toka mwisho wa Februari 2022 mashirika mengi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini hayapiti anga la Urusi, na Urusi ndiyo iko katikati ya Ulaya na Asia Mashariki. London mpaka Tokyo ni kilomita kama 9,600, zamani ilikuwa masaa kama 12, sasa ni kama 14 kwa sababu wanazunguka kusini au wanapita juu Greenland na Alaska. Helsinki mpaka Tokyo ndiyo inasikitisha, ni kilomita kama 7,800 tu, ilikuwa masaa 9 na nusu hivi, ikaenda mpaka 13. Kanuni ya 850 hapo inakupa kama 9.7, yaani inakupa jibu la zamani. Kwa wazee sio jambo jipya, enzi za vita baridi ndege za Ulaya kwenda Japani zilikuwa zinapita juu ya Ncha ya Kaskazini na kutua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta.

Ndio maana safari yoyote inayovuka Urusi au eneo lenye vita usiishie kwenye hesabu, fungua Flightradar24 au FlightAware, tovuti zinazofuatilia ndege, andika namba ya safari, uangalie ilivyopita wiki iliyopita. Utaona mstari wenyewe na muda wa kila siku, leo masaa 13 na dakika 40, jana masaa 14 na dakika 5, juzi masaa 13 na dakika 30. Wastani wa siku saba za hivi karibuni ni bora kuliko fomula yoyote. Ukisafiri Januari lakini, usichukue wastani wa Julai, upepo si ule ule.

Kutua njiani

Ndege za kawaida za abiria London mpaka Sydney zinatua mahali. Watu wanadhani kutua kunaongeza umbali mkubwa, inategemea wapi. London mpaka Singapore ni kama 10,880, Singapore mpaka Sydney kama 6,300, jumla 17,180, umeongeza kilomita 180 tu kwa sababu Singapore iko karibu juu ya mstari wenyewe. Kupitia Dubai ni 5,500 na 12,040, jumla 17,540. Kupitia Los Angeles ni 8,780 na 12,060, jumla 20,840, hapo ndio umezunguka kweli, unalipa kilomita 3,800 za ziada sawa na masaa manne na nusu ya kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo ukiona tiketi rahisi angalia kituo cha njiani kwanza, vuta uzi kwenye tufe, kama kituo kiko mbali na uzi jua unapelekwa kutembezwa.

Hesabu ya masaa unafanya kipande kwa kipande. London mpaka Singapore kanuni inatoa 13.3, Singapore mpaka Sydney 7.9, jumla 21.2, weka tranziti ya karibu masaa mawili, ndio hiyo 23 ya yule jamaa wa pili. Tranziti chini ya saa moja na nusu kwenye uwanja mkubwa mimi siipendi, mfumo unaweza kukuuzia lakini mguu ndio unaokimbia, sio mfumo. Na kama umenunua tiketi mbili tofauti kwa sababu zilikuwa rahisi, weka masaa manne au zaidi, maana ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili halina habari na wewe, kwake wewe ni abiria ambaye hakutokea. Angalia pia kama unatua uwanja mmoja na kuondokea mwingine, Heathrow kwenda Gatwick ni zaidi ya saa moja barabarani na bado hujachukua begi.

Neno "moja kwa moja" nalo lina utata. Kuna ndege haitui kabisa, na kuna safari yenye namba moja inayotua katikati, mnashuka, mnakaa saa moja na nusu, mnapanda tena. Zote zinauzwa kwa jina hilo hilo. Soma mahali palipoandikwa idadi ya vituo, ikiwa sifuri ndio haitui.

Saa ya tiketi, mtego wenyewe

Tiketi inaandika saa ya mji wa kuondokea na saa ya mji wa kufikia, kila moja ya kwao. Ukitoa moja kwa nyingine moja kwa moja unapata upuuzi. Geuza zote ziwe UTC, ile saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote zinapimwa nayo, halafu ndio utoe.

Januari London iko sawa na UTC, Sydney iko UTC+11. Umeondoka London tarehe 10 saa 20:30, umefika Sydney tarehe 12 saa 06:30. Kwa macho ni masaa 34. Sydney 06:30 ya tarehe 12 ukitoa 11 ni 19:30 ya tarehe 11 kwa UTC. Kutoka 20:30 ya tarehe 10 mpaka 19:30 ya tarehe 11 ni masaa 23. Kurudi umeondoka Sydney tarehe 20 saa 16:00, umefika London tarehe 21 saa 05:30, kwa macho 13 na nusu, mtu anafurahi kumbe ongeza 11, ni 24 na nusu. Kwa kifupi, kama huvuki mstari wa tarehe nitakaoutaja chini, ukienda mashariki tofauti ya masaa unaitoa, ukienda magharibi unaijumlisha.

Ila tofauti yenyewe haikai. London wanasogeza saa mbele mwisho wa Machi, Sydney wanarudisha yao nyuma mwanzo wa Aprili kwa sababu majira yao ni kinyume. Kwa hiyo Januari tofauti ni 11, Julai ni 9, na kuna wiki chache katikati, moja hivi kati ya Machi na Aprili na kama tatu hivi za Oktoba, ambapo ni 10. Usikariri, angalia ya tarehe ile ile ya safari. Na sio kila nchi inakwenda kwa saa nzima, India ni UTC+5:30, Nepal ni 5:45, halafu China nchi nzima pamoja na upana wake wote inatumia saa moja, UTC+8.

Ukivuka mstari wa tarehe kwenye Pasifiki, yaani ule mstari wa kufikirika ambapo tarehe inabadilika, ndio raha kabisa. Ondoka Auckland Jumatatu ya Januari saa 20:00, safari masaa 12, unafika Los Angeles Jumatatu hiyo hiyo saa 11:00 asubuhi, yaani masaa tisa kabla hujaondoka. Kurudi unaondoka Los Angeles Jumatatu saa 22:00, masaa 13, unashuka Auckland Jumatano saa 08:00 na Jumanne yako imebaki masaa machache tu mahali fulani juu ya bahari kabla haijafutika. Mwenye birthday siku hiyo ajipange. Samoa walifanya nchi nzima, waliruka tarehe 30 Desemba 2011 hawakuwa nayo kabisa, walihamia upande wa pili wa mstari.

Halafu kuna ule mtego wa usiku wa manane ambao ulinipata mimi mwenyewe. Tiketi imeandikwa tarehe 14, saa 00:20. Mimi akilini mwangu tarehe 14 usiku, nikala, nikaaga watu, nikafika uwanjani tarehe 14 saa tano usiku na mabegi yangu, dada wa kaunta akaangalia, akaniangalia, akasema kaka hii ndege imeondoka jana usiku. Jana! Saa 00:20 ya tarehe 14 ni dakika 20 baada ya tarehe 13 kuisha, yaani unatakiwa uwe uwanjani tarehe 13 usiku. Kwetu ndio mbaya zaidi kwa sababu kwa Kiswahili saa zinaanza kuhesabiwa asubuhi na wengi tunauona usiku kama mkia wa siku iliyopita. Ukiona saa yoyote inayoanza na 00, 01, 02 mpaka 05, andika pembeni kwa mkono, "niende uwanjani usiku wa tarehe" halafu tarehe moja nyuma.

Kutoka mlangoni mpaka mlangoni

Hii ni rahisi, chukua masaa ya safari, ongeza masaa matatu ya kufika uwanjani mapema kwa safari ya nje ya nchi, ongeza barabara ya kwenda, ongeza saa moja mpaka moja na nusu ya foleni ya pasipoti na kusubiri begi, ongeza barabara ya kule. London na Sydney ndio inafika 28 na kuendelea. Usipange mkutano siku hiyo ya kufika. Mwili unahitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na ukienda mashariki ni ngumu zaidi kwa sababu unalazimishwa kulala mapema, lakini ukienda kaskazini au kusini, ile ya Frankfurt na Cape Town ya masaa 12 hivi, Julai tofauti ni sifuri, unachoka tu kama mtu aliyekaa sana.

Na anayekuja kukupokea usimpe masaa uliyohesabu, mpe namba ya safari ya kipande cha mwisho na tarehe ya kule unakofikia. Ile ya mwisho nasisitiza, sio ile uliyoondokea, maana ukimwambia "naondoka tarehe 10" na Sydney unatua tarehe 12 asubuhi atakusubiri tarehe 11 mpaka avimbe miguu. Akiwa na namba ataiweka kwenye Flightradar24 asubuhi ile, ataona ndege iko wapi na upepo umeipa dakika 25 za bure au umeinyima, ataondoka kwake kwa wakati wake.